Stima Ilipopotea Minneapolis: Historia Fupi ya Pesimeka

Leo tuweke kando mambo ya seva na hifadhidata, tuongee kuhusu pesimeka, kile kifaa kinachoupa moyo mshtuko mdogo wa umeme ili upige sawasawa. Kwa sisi tunaoandika programu, historia yake ina mafunzo tele.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 pesimeka ilikuwa sanduku kubwa lililochomekwa ukutani. Mwaka 1957, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Dkt. Walton Lillehei alikuwa akiwapasua watoto waliozaliwa na matundu moyoni. Mara nyingine kushona tundu kuliharibu njia ya umeme ya moyo, ukawa unapiga polepole mno. Suluhisho likawa waya mwembamba uliopachikwa kwenye msuli wa moyo na kuunganishwa na lile sanduku. Mtoto hakuweza kwenda mbali kuliko waya wa stima ulipofika.

Kisha, tarehe 31 Oktoba 1957, stima ikapotea mjini Minneapolis kwa saa kadhaa. Sisi Wakenya hatuhitaji kuelezwa hali hiyo! Vyumba vya upasuaji vilikuwa na umeme wa dharura, wodi hazikuwa nao.

Lillehei akamwendea Earl Bakken, fundi aliyetengeneza vifaa vya hospitali katika gereji, akamwomba kitu cha kutumia betri. Bakken akakumbuka mchoro wa saketi ya metronomu (kile kifaa cha kuwahesabia wanamuziki mapigo) aliouona katika jarida la Popular Electronics. Akaurekebisha, na baada ya wiki nne hivi akaleta kisanduku cha kushika mkononi. Kilijaribiwa kwa mbwa. Siku iliyofuata Bakken aliporudi, akakuta mtoto tayari ameunganishwa nacho.

Waswidi wakaenda mbali zaidi. Tarehe 8 Oktoba 1958, jijini Stockholm, daktari Åke Senning alimpandikizia Arne Larsson pesimeka nzima mwilini. Mhandisi Rune Elmqvist aliimwagia gundi ngumu ndani ya mkebe wa rangi ya viatu, ile ile Kiwi tuijuayo. Ilikufa baada ya saa chache! Lakini Larsson aliendelea kubadilishiwa pesimeka, zaidi ya 20 kwa jumla, akaishi hadi 2001, akiwa na miaka 86. Daktari na mhandisi wake wote walimtangulia.

Angalieni mtindo wenyewe. Waya ulileta tatizo la stima, betri ikalitatua. Betri iliisha, ikabidi mtu apasuliwe tena. Baadaye ikaja redio, ili daktari arekebishe kifaa bila kisu, na redio ikafungua mlango kwa wadukuzi. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani walionyesha maabarani kwamba kifaa cha moyo kinaweza kuamrishwa na mtu asiyehusika. Mwaka 2017 pesimeka zipatazo 465,000 nchini humo zilihitaji programu mpya kuziba pengo la usalama. Wenyewe walitakiwa kwenda kliniki, na kazi ilichukua dakika 3 hivi.

Mimi nikikosea msimbo, tovuti inalala na mteja ananipigia simu. Hapa kinacholala ni moyo. Ndiyo maana naamini msimbo wa vifaa hivi unafaa kukaguliwa na watu wasiolipwa na mtengenezaji. Ninyi mnaonaje?

Tuonane wiki ijayo.