Neno "Shall" Lilianza Kama Deni

Mkataba wa bedsita ninayokaa una kurasa tatu, zote kwa Kiingereza. Usiku mmoja stima zilipopotea nilikaa na tochi ya simu nikaanza kuhesabu vitenzi. Mpangaji "shall" alipe kufikia tarehe 5. Mpangaji "shall" apake rangi akihama. Mpangaji "shall not" afuge mbwa. Mwenye nyumba naye karibu kila akitajwa ni "may": anaweza kurekebisha mfereji, anaweza kurudisha deposit. Shall zangu zilikuwa 14. Yake ilikuwa moja.

Shuleni tulifundishwa kwamba shall ni wakati ujao tu. Sema "I shall", "we shall". Wengine wote wapewe "will". Ukikosea, alama inaenda. Hakuna aliyetuambia hiyo kanuni ilitoka wapi.

Sehemu kubwa yake ilitoka kwa mtaalamu wa hesabu. John Wallis ndiye aliyetupa ile alama ya ukomo inayofanana na nane iliyolala, na wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe Uingereza alikuwa akifumbua barua za siri kwa niaba ya Bunge. Mwaka wa 1653 alichapisha kitabu cha sarufi ya Kiingereza. Alikiandika kwa Kilatini, maana alilenga wageni. Humo alieleza kwamba nikijisemea mimi mwenyewe, shall inatabiri na will inaahidi au kutisha. Nikikusema wewe au yule, mambo yanageuka: will inatabiri, shall inaahidi au kutisha. Waandishi wa sarufi waliofuata wakaikuza hadi ikawa sheria ya darasani, ingawa Waskoti, Waairishi na baadaye Wamarekani waliendelea kusema will bila kujali. Waingereza wakatunga utani wa Mskoti aliyetumbukia mtoni. Alitaka kusema anazama na hakuna wa kumwokoa, lakini akavichanganya vile vitenzi viwili, na watu wa ukingoni wakamsikia akisema: nimeamua kuzama, na mtu asithubutu kuniokoa. Wakavua kofia kwa heshima, wakamwacha.

Lakini shall ni nzee kumliko Wallis. Katika Kiingereza cha kale, miaka elfu moja na zaidi iliyopita, ilikuwa "sceal", na maana yake ilikuwa kudaiwa. Ungeitumia na pesa: fulani "sceal" kiasi fulani, yaani anadaiwa. Wajerumani bado wana neno la ukoo huo, "Schuld", ambalo ni deni na pia ni hatia. Kutoka kudaiwa pesa, shall ikahamia kudaiwa tendo, ikawa wajibu. Na kwa kuwa jambo unalodaiwa bado hujalifanya, polepole ikaanza kusikika kama wakati ujao. Wafuasi wa John Wycliffe walipotafsiri Biblia mwishoni mwa karne ya 14, walitumia shall kila mara walipokutana na wakati ujao wa Kilatini. Will ilikuwa na njia yake: ilianza kama kutaka.

Hapa ndipo nilipoweka simu chini kidogo. Maana sisi pia tuna hiyo ya pili. Wanaisimu wanasema -ta- ya "nitakuja" ni mabaki ya kitenzi "taka", na kama huamini, angalia "nitakapokuja" au "atakayekuja": hapo "taka" imebaki nzima, iko wazi kabisa, na tunaipita kila siku. Kwa hiyo Kiingereza kilikuwa na milango miwili ya kesho, mmoja wa deni na mwingine wa hamu. Kiswahili kilifungua ule wa hamu. Tukitaka deni tunasema "sharti", tunasema "lazima", au tunabadilisha mwisho wa kitenzi: Serikali ichukue hatua. Ukitafsiri shall kwa -ta-, deni linaanguka njiani na hakuna anayelisikia likianguka.

Si mchezo wa maneno. Katiba iliyotangazwa Uhuru Park tarehe 27 Agosti 2010 imejaa shall. Afrika Kusini walipoandika yao ya 1996 waliiweka kando wakatumia "must", kusiwe na ubishi. Sisi tukabaki nayo. Kifungu cha 81 kinasema, kwa shall, kwamba zaidi ya thuluthi mbili ya wanachama wa taasisi za kuchaguliwa wasiwe wa jinsia moja. Mabunge ya kaunti yalipewa njia ya kujaza pengo kwa uteuzi. Bunge la Kitaifa na Seneti hawakupewa.

Desemba 2012 Mahakama ya Juu iliulizwa kama shall hiyo ilikuwa ya uchaguzi wa Machi 2013 au ya siku nyingine. Majaji wengi walisema neno hilo huwa amri ya papo hapo pale tu ambapo kazi iko tayari kufanywa jinsi ilivyo. Hii ilihitaji matayarisho, kwa hivyo itekelezwe hatua kwa hatua, sheria ipatikane kufikia 27 Agosti 2015. Jaji Mkuu Willy Mutunga akapinga. Kwake deni lilikuwa limeiva. Mimi niko upande wake, na si kwa sababu ya sarufi pekee: caretaker wetu hajawahi kunisomea tarehe 5 kama jambo la hatua kwa hatua.

Agosti 2015 ikafika bila sheria. Bunge likajiongezea mwaka. Miswada ikaletwa, kura 233 zikahitajika, wabunge wa kutosha hawakuonekana ukumbini. Machi 2017 Jaji John Mativo wa Mahakama Kuu akawapa siku 60, nazo zikapita. Sasa kilibaki kifungu cha 261, ambacho kina shall mbili zilizofuatana: Bunge likikaidi agizo la mahakama, Jaji Mkuu shall amshauri Rais alivunje, na Rais shall alivunje. Tarehe 21 Septemba 2020 David Maraga alilipa ya kwanza. Akamwandikia Uhuru Kenyatta barua.

Siku chache baadaye Mahakama Kuu ilisimamisha ushauri huo, na ile shall ya pili haikulipwa. Bunge lilikaa hadi muhula wake ukaisha. Uchaguzi wa Agosti 2022 ukaleta jingine, na humo pia wanawake hawakufika thuluthi moja.