Neno "Kufuta" na Daftari Lisilofutika

Mojawapo ya kazi za istilahi ni kuchunguza mahali ambapo fani mbili zinakutana, kila moja ikiwa na maana yake ya neno lile lile. Neno kufuta limefikwa na hali hiyo. Wanasheria hulitumia kutaja haki ya raia. Mafundi wa blokucheni husema kwamba katika daftari lao jambo hilo halifanyiki. Ili mfasiri asipotee, yafaa tutazame pande hizo mbili zilivyokua.

Upande wa sheria ulitangulia. Mwaka 1970 jimbo la Hessen, Ujerumani, lilitunga sheria ya kwanza duniani ya kulinda taarifa binafsi. Sweden ikafuata mwaka 1973 kwa sheria ya nchi nzima. Siku zile taarifa zilikaa katika mashine kubwa za serikali na mashirika, na mwenye mashine alijulikana. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2016, iliyoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018, ilimpa mtu, katika kifungu cha 17, haki ya kudai taarifa zake zifutwe. Kenya ilitunga sheria yake mwaka 2019, na Tanzania mwaka 2022.

Upande wa pili ulianza kwa haja ya kuzuia ughushi. Mwaka 1991 Stuart Haber na W. Scott Stornetta walieleza namna ya kuzitia hati za kompyuta muhuri wa wakati, kila muhuri ukishikamana na uliotangulia. Mwaka 2008 aliyejiita Satoshi Nakamoto akaitumia njia hiyo kubuni fedha ya Bitcoin, iliyoanza kazi Januari 2009. Nakala za daftari lake zimo katika maelfu ya kompyuta. Ukibadili herufi moja, mihuri yote inayofuata huharibika, na wenye nakala nyingine huikataa yako.

Hapo ndipo ugomvi ulipo. Sheria ya Tanzania humtaja mkusanyaji wa taarifa, nayo huchukulia kwamba yuko mtu wa kuulizwa. Katika daftari lililo wazi kwa wote, mkusanyaji ni nani? Na akipatikana, afute vipi?

Kiswahili chenyewe kinatusaidia kuona tatizo. Mwalimu hufuta ubao, na maandishi hayaonekani tena. Mdai hufuta deni, lakini ukurasa wa daftari hubaki. Kilichoondoka ni nguvu ya deni. Mahakama ya Ulaya nayo, tarehe 13 Mei 2014, iliamua kuhusu raia wa Hispania aliyelalamikia tangazo la gazeti la mwaka 1998 juu ya mnada uliotokana na madeni yake. Google iliamriwa iondoe kiungo katika matokeo ya kutafuta jina lake. Tangazo lenyewe halikuondolewa gazetini. Basi hata "haki ya kusahauliwa" ilikuwa na ngazi zake.

Mwaka 2018 mamlaka ya ulinzi wa data ya Ufaransa ilieleza kwamba kuharibu ufunguo wa maandishi yaliyofichwa kwa fumbo hukaribia matokeo ya kufuta. Kukaribia si kufika. Aprili 2025 bodi ya Ulaya inayosimamia sheria hiyo ilitoa rasimu ya mwongozo, ikishauri taarifa binafsi zisiwekwe katika daftari la namna hiyo iwapo zitapingana na misingi ya sheria. Njia inayopendekezwa ni taarifa kukaa nje ya daftari, na ndani yake ubaki muhuri tu.

Kwa hiyo tunapendekeza kufuta kubaki kwa taarifa iliyoondolewa kabisa inapohifadhiwa; kubatilisha kwa ingizo linalobaki bila nguvu; na kufungia kwa taarifa iliyopotezewa ufunguo. Mfasiri akiandika kufuta kwa yote matatu, raia atasoma ahadi ambayo mashine haikuitoa, na afisa atatia sahihi jambo asiloweza kulitimiza.