Gia ya B: Kinga ya breki za gari la haibridi kwenye mteremko wa Lushoto

BARABARA itokayo Lushoto kwenda Mombo, mkoani Tanga, ina urefu wa takriban kilometa 33. Katika umbali huo gari huteremka Milima ya Usambara Magharibi kutoka kimo cha karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari hadi mita 400 hivi, inapokutana na barabara kuu ya Dar es Salaam na Arusha. Sehemu iliyo kali zaidi ni ile ya kutoka Soni hadi Mombo, ambako barabara ni nyembamba, kona zimefuatana, upande mmoja kuna mwamba na upande wa pili kuna korongo.

Madereva wa mabasi na wa malori ya mboga na matunda wanaijua kanuni ya siku nyingi, kwamba mlima hushukwa kwa gia ile ile iliyotumika kuupanda. Kwa njia hiyo injini ndiyo inayolizuia gari, na breki hupumzika hadi zitakapohitajika kweli.

Utata huanza kwa dereva wa gari la haibridi, yaani lenye injini ya petroli pamoja na mota ya umeme, kama vile Toyota Prius au Aqua. Magari hayo hayana gia namba moja wala mbili ya kuchagua. Mbali ya D ya kwendea mbele, kuna herufi B. Kwa kuwa mengi huingizwa nchini yakiwa yametumika Japani, na vitabu vyake vya maelezo huwa vya Kijapani, wapo wanaodhani kuwa B ni ya betri na kuendesha nayo mjini kutwa wakiamini kuwa inachaji zaidi. Wengine hawaigusi kabisa. Ukweli ni kwamba B ni ya breki, na kazi yake ni kupunguza mwendo kwa kutumia injini kwenye mteremko mrefu.

Betri inapojaa

Kwa kawaida, dereva anapoinua mguu kwenye pedali ya mafuta au kukanyaga breki taratibu, mota ya umeme hugeuka kuwa jenereta. Magurudumu huizungusha, nayo hupunguza mwendo wa gari huku ikipeleka umeme kwenye betri. Kwa safari za mjini utaratibu huo unatosha.

Mlimani hesabu ni nyingine. Gari lenye uzito wa kilo 1,500 pamoja na abiria, likishuka mita 1,000, hutoa nishati ya takriban kilowati-saa 4. Hata ikichukuliwa kuwa nusu yake humalizwa na upepo na msuguano wa matairi, hubaki kilowati-saa 2. Betri ya Prius ya toleo la pili na la tatu ina ukubwa wa kilowati-saa 1.3 tu, na ya Aqua ya kwanza, iliyoanza kuuzwa Japani Desemba 2011, haifiki kilowati-saa 1. Aidha, kompyuta ya gari hairuhusu betri ijae wala iishe kabisa, bali huiweka kati ya asilimia 40 na 80 hivi. Nafasi iliyopo, kwa hiyo, ni kama nusu kilowati-saa.

Maana yake ni kwamba betri hujaa gari likiwa bado mlimani. Tangu hapo jenereta inakosa pa kupeleka umeme wake. Kompyuta huweza kuizungusha injini yenyewe hata katika D, lakini nguvu ya kuzuia ya D ni ndogo, hivyo mguu wa dereva hubaki kwenye breki na mzigo huhamia kwenye pedi na diski.

Pedi zikipata moto kupita kiasi hupoteza uwezo wa kushika. Hatari nyingine iko kwenye mafuta ya breki. Yale ya kiwango cha DOT 3, yakiwa mapya, hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Hata hivyo, mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewani, na yakishanyonya maji kiwango kinachotakiwa hushuka hadi nyuzi 140. Yakichemka hutoa mvuke, pedali huzama na gari halisimami.

Katika B, umeme wa ziada hutumika kuizungusha injini bila kuipa petroli. Kazi ya kusukuma hewa ndani ya silinda humeza nguvu ambayo ingekuwa moto kwenye diski. Injini hunguruma, na dereva mgeni hudhani gari limeharibika, ilhali ndiyo dalili kwamba linafanya kazi yake.

Namna ya kushuka

Anayetoka Lushoto anapaswa kupunguza mwendo na kuingiza B afikapo Soni, kabla mteremko mkali haujaanza. Kutoka D kwenda B gari likitembea hakuna madhara. Breki ikanyagwe kwa uthabiti kwa muda mfupi kabla ya kona, kisha iachiwe ipoe.

Kushuka kwa N, maarufu kama frii, ni kosa kubwa, kwani injini haizuii, jenereta haichaji, na breki hubaki peke yake. Ikumbukwe pia kwamba B haiwashi taa za nyuma za breki. Kwenye ukungu au mvua, dereva aguse pedali kidogo ili kumtahadharisha anayemfuata.

Pedali ikilegea au ikisikika harufu ya kuungua, gari lisimamishwe mahali salama, liwekwe P na diski ziachwe zipoe zenyewe bila kumwagiwa maji. Likifika Mombo lirudishwe D, kwa sababu katika tambarare B hupoteza nishati ambayo betri ingeweza kuihifadhi.

Pamoja na hayo yote, B haiponyi breki mbovu. Pedi zilizokwisha na mafuta ya breki yaliyozeeka hushughulikiwa gereji, kabla ya safari ya Lushoto kuanza.