Wema wa Mungu na Mababu Waliokufa Kabla ya Injili

Wamisionari wa Leipzig walianza kazi Machame, Kilimanjaro, mwaka 1893. Swali moja linarudi katika sharika zetu hata leo: ikiwa Mungu ni mwema, vipi mababu zetu waliokufa kabla Injili haijawafikia? Je, wamepotea milele?

Kanisa liliulizana jambo hili kabla hatujazaliwa. Katika karne ya 3, Origen wa Aleksandria alitumaini kwamba adhabu ya Mungu ni dawa, na kwamba mwishoni viumbe vyote vitarejeshwa Kwake. Augustino, askofu wa Hippo, alilikataa tumaini hilo. Alikumbusha kwamba Mathayo 25:46 inatumia neno moja, milele, kwa adhabu na kwa uzima pia. Ukiifupisha adhabu, umeufupisha na uzima. Mwaka 543 Kaisari Justinian alitoa amri dhidi ya mafundisho ya Origen.

Mwaka 1522 Martin Luther alimwandikia Hans von Rechenberg kuhusu suala hilohilo: je, aliyekufa bila imani aweza kuokolewa? Luther aliyatenganisha mambo mawili. Bila imani hakuna aokokaye; hapo hakulegeza hata kidogo. Lakini je, Mungu aweza kumpa mtu imani saa ya kufa, au hata baada ya kufa? Luther alijibu kwamba Mungu aweza. Ila kwamba hufanya hivyo, hakuna awezaye kuthibitisha.

Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, ibara ya 17, lilikataa fundisho kwamba adhabu ya waliohukumiwa itakoma. Kisha mwaka 1577 wanatheolojia wa Kilutheri walikiri mambo mawili kwa pamoja: aokokaye huokoka kwa neema tu, na apoteaye hupotea kwa kosa lake mwenyewe, kwa maana Mungu anataka watu wote waokolewe (1 Timotheo 2:4). Akili zetu hazipatanishi maneno hayo mawili. Baba zetu wa imani waliliona hilo, wala hawakufuta hata moja.

Basi nasi tusifute. Mhubiri anayesimama kaburini na kutangaza kwamba babu wa wafiwa yuko motoni amekalia kiti kisicho chake. Naye anayeahidi kwamba wote wataokoka bila shaka ameahidi asilopewa, na kuufanya msalaba kuwa jambo dogo. Jehanamu ipo, Bwana mwenyewe aliisema. Lakini atakayehukumu ni yuleyule aliyeulilia mji wa Yerusalemu (Luka 19:41), na mikono yake ina alama za misumari.

Mababu zetu tunawaacha katika mikono hiyo, kwa maana hakuna iliyo salama zaidi. Walio hai tumeagizwa kuwaendea. Mwinjilisti asichoke, na mfiwa asikate tamaa.