Kichaa cha mbwa: wajibu wa mwenye mbwa na wa serikali Arua na Koboko

Katika vijiji vya Logiri, wilayani Arua, mbwa ndiye mlinzi wa nyumba na mbuzi usiku. Mchana mbwa huyohuyo huachwa azurure, ajitafutie chakula sokoni na kwenye majalala. Siku akimuuma mtoto, swali la nani anawajibika huulizwa kwa kuchelewa, na katika ugonjwa huu kuchelewa ndiko kunakoua.

Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kuwa kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi mno wakiwa Afrika na Asia. Takriban wanne kati ya kumi ni watoto wenye umri wa chini ya miaka 15. Dalili zikishaonekana, karibu hakuna anayepona.

Jina lenyewe la Kiswahili hupotosha kidogo. Msikilizaji huweza kudhani kwamba ni lazima mbwa awe mkali, atokwe na povu na kumkimbiza kila mpitaji. Wako wanaopooza tu, wakalala pembeni kimya, taya limelegea, hata mwenyewe akaingiza mkono kinywani akidhani mfupa umekwama. Tena ugonjwa huwapata pia paka, ng'ombe, mbuzi na punda.

Nani anawajibika?

Uganda ina sheria mahususi ya kichaa cha mbwa tangu enzi za ukoloni. Inawapa maafisa wa mifugo mamlaka ya kuagiza mbwa wafungwe, na kuwakamata au kuwaua wanaozurura ugonjwa unapozuka. Kwa kuwa huduma za mifugo ziligatuliwa, mlango wa kubisha ni ofisi ya daktari wa mifugo wa wilaya, au ya Jiji la Arua, lililopata hadhi hiyo Julai 2020, au ya Manispaa ya Koboko. Asiyejua pa kuanzia aanze kwa mwenyekiti wake wa LC1.

Njia iliyozoeleka katika miji mingi ya Afrika Mashariki ni kuwaua mbwa koko kwa sumu au risasi. Wakazi hupumua kwa muda, lakini nafasi iliyoachwa hujazwa upesi na mbwa wengine na watoto wao, na miongoni mwa waliouawa huwamo waliokwisha kuchanjwa. Ndiyo maana WHO husisitiza chanjo: wakichanjwa asilimia 70 ya mbwa wa eneo, virusi hukosa pa kupita. Kazi hiyo haimalizwi kwa siku moja. Mbwa wengi wa vijijini huishi miaka michache tu, na wanaozaliwa hawana kinga, kwa hiyo kampeni hurudiwa kila mwaka.

Kisiwa cha Pemba kimeonyesha kwamba jambo hili linawezekana. Kampeni za chanjo ya mbwa zilikitokomeza kichaa cha mbwa huko kufikia mwaka 2014. Chanjo zilipolegea, ugonjwa ukaingia tena mwaka 2016 kutoka nje ya kisiwa, na kampeni mpya zikauondoa mwaka 2018. Ikiwa bahari haikuuzuia, Koboko, inayopakana na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo na Sudan Kusini, ina sababu kubwa zaidi ya kutolegea: mbwa haonyeshi kitambulisho mpakani Oraba.

Ukiumwa

Osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, kwa dakika 15 kamili. Dakika hizo ni ndefu mtoto anapolia, lakini ndizo zinazopunguza virusi kabla havijaingia kwenye mishipa ya fahamu. Usipake mafuta, majivu wala dawa ya mitishamba. Kisha nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Kama hakina chanjo, omba uelekezwe penye chanjo. Sindano hutolewa kwa awamu, na awamu zote zikamilishwe hata kama jeraha limepona, kwa kuwa ugonjwa huweza kujificha kwa miezi. Jeraha likiwa la kina, au likiwa kichwani, usoni au mikononi, mgonjwa huhitaji pia kudungwa kingamwili penye jeraha.

Kama mbwa anaweza kufungwa kwa usalama, asiuawe kwa hasira. Afungwe, daktari wa mifugo amchunguze kwa siku 10. Akibaki mzima, hakuwa akiambukiza siku ile alipouma. Hata hivyo, aliyeumwa asisubiri siku hizo kwisha ndipo aanze chanjo.

Siku ya kampeni ya chanjo, mbwa aletwe na mtu mzima, amefungwa kamba, na watoto wake waletwe pia. Cheti kitunzwe mahali panapojulikana na wote nyumbani, maana mhudumu wa afya atakiulizia mbwa huyo akiuma mtu.