Kazi Isiyofanywa: Kasi ya Uoni wa Kompyuta Katika Bodi Ndogo

Mwaka 2001 Paul Viola na Michael Jones walionyesha programu ya kutambua nyuso iliyochakata fremu 15 kwa sekunde, kila fremu ikiwa na pikseli 384 kwa 288. Mashine yao ilikuwa kompyuta ya kawaida yenye kichakataji cha Pentium III cha megahezi 700. Leo Raspberry Pi 4, bodi inayoenea kiganjani, ina viini vinne, kila kimoja kikienda kwa megahezi 1,500 au zaidi. Hata hivyo, mwanafunzi anayeiunganishia kamera na kuandika programu yake ya kwanza aghalabu huambulia fremu chache tu kwa sekunde, kisha huamua kwamba bodi ni dhaifu. Hukumu hiyo ndiyo ninayoipinga. Bodi hutwishwa kazi ambayo haikuhitajika kufanywa, na kasi hupatikana kwa kuiondoa kazi hiyo kabla haijakifikia kichakataji.

Tuanze na hesabu. Picha ya rangi yenye pikseli 1,920 kwa 1,080 hubeba baiti 6,220,800. Kwa fremu 30, hizo ni zaidi ya megabaiti 186 kila sekunde. Kache ya ngazi ya pili ya Raspberry Pi 4, yaani kumbukumbu ndogo ya haraka iliyo karibu na viini, ni megabaiti moja, nayo hutumiwa na viini vyote vinne. Kwa hiyo picha nzima haiingii humo, na kila hatua ya programu, iwe ni kugeuza rangi, kulainisha au kulinganisha na picha iliyotangulia, huilazimisha iende kwenye kumbukumbu kuu na kurudi. Kichakataji hukaa kikisubiri. Sasa chukua picha ya kijivu ya pikseli 320 kwa 240: ni baiti 76,800, yaani sehemu moja ya 81. Hiyo huenea ndani ya kache na nafasi ikabaki. Hakuna ustadi wa kuandika msimbo utakaofidia tofauti ya namna hii.

Lakini nani aipunguze picha? Swali hili hupuuzwa mno. Kichakataji kikipokea picha kubwa ndipo kiipunguze, gharama ya kuisafirisha imekwisha kulipwa. Ndani ya chipu ya bodi hii mna sakiti maalumu ya kuchakata ishara za kamera, nayo inaweza kutoa mikondo miwili kwa wakati mmoja, wa picha kubwa na wa picha ndogo. Maktaba ya Picamera2 inaruhusu kuiomba mikondo hiyo moja kwa moja. Zaidi ya hapo, mkondo mdogo ukiombwa katika mfumo unaotenga mwangaza na rangi, sehemu ya mwangaza ndiyo picha ya kijivu yenyewe. Inaniuma kuona programu inayodai rangi tatu kwa kila pikseli, kisha katika mstari wa pili inazigeuza zote kuwa kijivu.

Atakayepinga atasema kupunguza picha ni kupoteza, na atakuwa na hoja. Uso wenye upana wa pikseli 60 katika picha kubwa hubaki na pikseli 10 katika picha ndogo, ilhali dirisha ambalo Viola na Jones walilitumia kutafutia uso lilikuwa la pikseli 24 kwa 24. Uso huo hautaonekana kamwe. Jibu lake liko katika kazi ya watafiti hao hao. Mfumo wao ulikuwa na vipengele 6,061, lakini katika majaribio yao kila dirisha lilihitaji kupimwa kwa vipengele 10 tu kwa wastani, kwa sababu hatua nyepesi za mwanzo zilikwisha kuyakataa madirisha mengi yasiyo na uso. Nasi tufanye vivyo hivyo. Picha ndogo itumike kuuliza swali jepesi: pana kilichosogea? Kama hapana, kazi imekwisha. Kama pana, tukate kipande hicho tu kutoka mkondo mkubwa, kikiwa na pikseli zake zote, tukipeleke kwenye hatua nzito.

Hatua nzito siku hizi ni mtandao wa neva, na hapa pia kupunguza kazi kumezaa matunda. MobileNet, iliyotolewa na watafiti wa Google mwaka 2017, iligawanya hesabu ya konvolusheni katika sehemu mbili na kupunguza kazi mara nane hadi tisa kwa vichujio vya 3 kwa 3. Ukigeuza namba zake kutoka biti 32 hadi biti 8, ukubwa wa modeli hushuka hadi robo, na rejista ya biti 128 ya kichakataji hupokea namba 16 badala ya nne. Usahihi unaweza kushuka. Upimwe kwa picha za mahali mfumo utakapotumika.

Kupima ndiko kunakokosekana zaidi. Gene Amdahl alieleza mwaka 1967 mpaka ambao wengi bado wanagongana nao: ikiwa utambuzi unachukua asilimia 40 ya muda wote, hata ukiufanya usichukue muda wowote, programu nzima itaharakishwa mara 1.67 tu. Kila hatua ipimwe peke yake: kusoma kamera, kupunguza, kutambua, kuonyesha. Upimwe pia umri wa fremu, kwa maana programu inaweza kutoa fremu nyingi huku ikichakata zilizokaa foleni, na lango linaloongozwa na kamera, kwa mfano, likafunguliwa baada ya mtu kuondoka. Na upimaji wa dakika moja haufai. Bodi hii ikifika nyuzi joto 80 za Selsiasi hupunguza mwendo wake yenyewe, kwa hiyo ipimwe ikiwa ndani ya kasha lake, baada ya kufanya kazi hadi joto litulie.

Vipo vifaa vya nje vya kuharakisha mitandao ya neva, na sivikatai. Ila Coral ya Google, kwa mfano, hufanya kazi na namba za biti 8 pekee, hivyo anayeinunua bado atalazimika kuibana modeli yake. Wala haitamsaidia kusoma kamera. Inunuliwe pale vipimo vinapoonyesha kwamba mtandao wenyewe ndio unaochelewesha, baada ya mengine yote kuondolewa njiani.