Hilali ya Isiolo: Jicho Hupewa Nini?

Katika nyanda kavu za Isiolo, swali lililowashughulisha wanafalsafa wa Ulaya vitabuni mwao, yaani ni kipi hasa ambacho binadamu hupewa na hisi zake kabla akili haijatia neno, ni la kale.

Waborana, ambao serikali ya kikoloni iliwatengea maskani kando ya Ewaso Ng'iro katika miaka ya 1930, wanayo hesabu ya mwaka wa siku 354, yenye miezi 12 na majina ya siku 27, ambayo wajuzi wake, waitwao ayyaantu, huihifadhi kifuani pasipo kitabu wala chombo, wakiangalia ni nyota zipi, Kilimia miongoni mwazo, ziandamanazo na mwezi. Kijana mwenye macho makali huipokea nuru ile ile aipokeayo mjuzi, wala asijue tarehe.

Waborana hao wa Ewaso Ng'iro waliposilimu kwa wingi, hilali, yaani mwezi mwandamo, ikawa mlango wa Ramadhani, na ushahidi wa jicho ukaingia chini ya sharia. Yasimuliwa kwamba Anas bin Malik, sahaba wa Mtume, katika uzee wake alisema ameiona hilali ambayo wenziwe hawakuiona. Kadhi Iyas bin Muawiya akaupangusa unywele mweupe wa nyusi ulioinamia jicho la Anas, akamwuliza tena, na hilali ikawa haipo. Weupe uliopindika aliuona kweli. Kosa lilikuwa katika hukumu. Mwanazuoni Ibn al-Haytham, katika kitabu chake cha elimu ya mwono, Kitab al-Manazir, alikwisha kueleza kwamba kutambua kwa jicho kwahitaji kulinganisha na yaliyohifadhiwa akilini. Mwaka 1889 mwanafalsafa Henri Bergson aliandika juu ya yale ambayo fahamu hupewa moja kwa moja. Mwaka 1956 mwanafalsafa Wilfrid Sellars, katika mihadhara yake London, akakana kwamba kitu kipokewacho hivyo, bila mafunzo yoyote, chaweza kuwa msingi wa elimu.

Naegemea kwa Sellars, ila kwa sharti kwamba anga lisinyimwe haki yake. Kwani mwanaanthropolojia Asmarom Legesse, katika kitabu chake Gada cha mwaka 1973, aeleza kuwa mjuzi aliyeponyokwa na kumbukumbu hurejea kuutazama mwezi na nyota, navyo humrudisha kwenye siku yake. Nawasihi walimu wa Isiolo, Garbatulla na Merti wawatafute wazee waijuao hesabu hii, waiandike kwa Kiborana na kwa Kiswahili, na wawatoe wanafunzi nje usiku wakaisome angani.